Gari la DFP, kiti cha amidi: chuo kikuu kinaongozwa na nani mfadhili akishaingia?

Kabati la Chuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Sikitaji, na wanaokijua wakae nacho moyoni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga kabati. La chuma, la kijani, droo nne, limejaa hati za makubaliano na vyuo vya karibu kila bara. Picha za kusaini zimo humo humo: vibendera viwili juu ya meza, watu wazima wanabadilishana mafaili huku wanamtazama mpiga picha. Nikaambiwa niorodheshe zilizo hai. Nilipiga simu, niliandika barua pepe, nilizunguka ndaki zote. Zenye kazi inayoonekana nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Hilo la hati zilizolala kila mtu analijua, wala silo lililonileta. Nimekuja kwa ajili ya zile chache zilizokuwa hai.

Siku moja nimesimama nje ya jengo la utawala na amidi, yaani mkuu, wa shule mojawapo ya chuo. Ikapita Land Cruiser nyeupe yenye namba za DFP. Kwa mlio nje ya Tanzania: DFP ni namba za magari ya miradi ya wafadhili, kama SU zilivyo za mashirika ya umma. Ndani yuko mhadhiri wa shule yake, mratibu wa mradi. Amidi akacheka, akaniambia, "Unamwona yule? Kwenye karatasi mimi ni bosi wake. Kazi yangu ni kumsainia ruhusa ya kusafiri."

Ndivyo inavyokuwa. Mradi mkubwa wa miaka mitano hauji peke yake, unakuja na utawala wake. Kuna mratibu wa kule na mratibu wa huku. Kuna kamati ya uendeshaji, kikao kimoja kwao, kingine kwetu. Kuna mhasibu wa mradi, akaunti ya mradi, ripoti zinazofuata mwaka wa fedha wa mfadhili na si wetu. Wabelgiji wa VLIR-UOS, shirika la ushirikiano la vyuo vikuu vya Flanders, kwa mfano, hawajaficha kitu: mpango wao mrefu na chuo kimoja, unaoweza kufika miaka 10 na zaidi, una kamati ya pamoja na kitengo chake cha usimamizi chenye meneja wake palepale chuoni. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri, pengine mzuri kuliko wa kwetu. Lakini maamuzi ya kamati ile yanapita wapi? Kozi ya uzamili iliyobuniwa ndani ya mradi inafika Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, imeshapikwa na kupakuliwa, wajumbe wanaombwa wanawe mikono.

Tumezoea kuuzungumza ushirikiano huu kama fedha, vifaa na nafasi za kusoma nje. Mimi naomba tuuzungumze kama utawala.

Maana hatukuanza jana. Oktoba 1961 chuo kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Kitivo cha Sheria peke yake, wanafunzi hawafiki 15. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Na London haikuleta cheti tu, ilileta namna nzima ya kutawala: Baraza la Chuo, Seneti, vitivo, mtahini wa nje. Mpaka leo, msimu wa mitihani ukimwona mgeni amejifungia idarani na mafurushi ya skripti, ujue London bado imo ndani ya nyumba.

Juni 1963 tukaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Makerere ikawa na udaktari, Nairobi uhandisi, Dar sheria. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria Mlimani, yaani chuo cha Dar, na Museveni naye alipita pale pale. Huo ndio ushirikiano wa kimataifa ambao kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Haukudumu. Tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ikachukua chake.

Tukasema sasa chuo ni chetu. Chetu akina nani? Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Mzee Pius Msekwa, alitokea ukatibu mtendaji wa TANU. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kikenya, akaandika barua ya wazi kulalamikia uongozi wa juu kwa juu usiomsikiliza mtu. Alifukuzwa, na FFU, polisi wa kutuliza ghasia, ndio waliokuja kumwondoa chuoni. Kwa hiyo mkono wa London ulipotoka, ulioingia haukuwa wa Seneti.

Ndiyo maana mimi nakiona chuo cha umma kama nyumba yenye wenye nyumba wawili: serikali inayoteua viongozi na kulipa mishahara, na mfadhili anayelipa karibu kila kitu kingine chenye uhai. Seneti ni mpangaji.

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni, wenye matusi wapite kimya kimya.

Kiti cha Nyuma

Naweka kambi hapa. Uzi wa kwanza mwaka huu usiohusu ajira za ualimu.

Njiwa wa Posta

Mkuu umeandika vizuri, lakini unaung'ata mkono uliokulisha. Wasweden wanasaidia utafiti nchi hii tangu miaka ya 1970. Toa PhD zote za Mlimani na za chuo cha afya cha MUHAS zilizosomwa kwa fedha zao, tuone atabaki nani wa kufundisha. Mnorwe kakijenga chuo cha kilimo cha Sokoine kwa miongo. Maktaba mpya ya Mlimani, ile iliyofunguliwa Novemba 2018, ni ya Mchina. Wewe unalia na Land Cruiser.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa Sweden. Miezi kadhaa kule, miezi kadhaa hapa, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ndiyo maana nikarudi, sikuzamia. Hata huo mfumo ulibuniwa na mtu aliyefikiria chuo chetu kisibaki kitupu. Mbona hilo hulisemi?

Kabati la Chuma

Nalisema sasa, na asante kwa kunibana.

Umetaja Sweden, ngoja nikutajie wakati ambao mimi naona mambo yalikwenda sawa, maana sitaki nionekane mtu wa kulia tu. Rudi miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1990 serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miezi. Majengo yamechoka, walimu wanafuga kuku kuongeza kipato, kila mfadhili ana kipande chake: huyu kashika uhandisi, yule sayansi, mwingine ana maabara yake anayoijua peke yake. Mwaka 1991 akaingia Profesa Matthew Luhanga kuwa Makamu Mkuu wa Chuo, akakaa mpaka 2006.

Kilichofanyika pale wengi wanakisimulia kama habari ya majengo. Mimi nakisimulia kama habari ya mezani. Chuo kiliandika mpango mkakati wake chenyewe, na mwaka 1994 kikaanza programu ya mageuzi ya kitaasisi. Kisha wafadhili wakaitwa kwenye kikao cha pamoja, cha kila mwaka, wakawekewa mpango ule mbele yao: hii ndiyo nyumba tunayoijenga, chagua dirisha lako. Anayetaka kujenga choo nje ya ramani, samahani.

Fedha zilikuwa za watu wale wale, Wasweden wako wakiwemo. Kilichobadilika ni nani ameandika ajenda ya kikao. Mwenye kiti ni Makamu Mkuu wa Chuo, mgeni ni mfadhili. Kwenye kikao nilichozoea mimi ni kinyume: mgeni anafungua kompyuta, anatuonyesha slaidi za "vipaumbele vyenu", na sisi tunatikisa kichwa.

Njiwa wa Posta

Hapo nimekuelewa. Ila usisahau, mpango ule ule ulikuwa na watu waliousemea vibaya. UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa chuo, hawakukubaliana na kila kitu, na wanafunzi ndio walioubeba uchangiaji wa gharama.

Kabati la Chuma

Kweli kabisa, sipingi. Tena wale waliopinga walipinga kwenye vikao halali, na walijua wampinge nani. Mradi wa DFP utaupingia wapi?

Mwanaunguja

Assalaam alaykum. Ndugu yangu Kabati, hiyo hoja ya kwamba mwenye fedha ndiye mwenye sauti mimi naikataa, na ushahidi uko hapa kwetu Bweleo.

IIT Madras Zanzibar, tawi la taasisi ya teknolojia ya India. Makubaliano yamesainiwa Julai 2023 mbele ya Rais Mwinyi na waziri wa mambo ya nje wa India, masomo yakaanza mwaka ule ule. IIT ya kwanza nje ya India, na mkurugenzi wake, Profesa Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote. Sasa tazama masharti yalivyotangazwa: mitaala, kuchagua wanafunzi na namna ya kusomesha, ni juu ya Madras. Gharama za kujenga na kuendesha, ni juu ya Zanzibar. Shahada ni ya IIT Madras.

Hapo anayelipa nani? Sisi. Anayeamua kitaaluma nani? Wao. Basi fedha peke yake haitoshi kueleza.

Na kabla hujasema ukoloni, nikwambie mapema: mwanangu akipata nafasi pale nitafurahi. Sayansi ya data anasomeshwa na walimu wa Madras, analala Unguja, anakula kwa mama yake. Skuli kama ile tungeijenga wenyewe kwa miaka mingapi?

Kabati la Chuma

Wa alaykum salaam Mwanaunguja. Umenivunjia hoja nusu, na nakubali.

Nimekaa na bandiko lako usiku mzima. Unajua Bweleo inafanana na nini? Mtaa wa Lumumba, 1961. Jengo letu, ardhi yetu, shahada ya mwenzetu. Miaka 62 katikati. Carnegie Mellon ya Kigali nayo ni hivyo hivyo: Rwanda iliikaribisha kwa makubaliano ya 2011, imejengewa mahali pake, na cheti kinasema Carnegie Mellon.

Kwa hiyo nirekebishe. Kuna nguvu ya fedha, na kuna nguvu ya jina lililoandikwa kwenye cheti. Jina ndilo linaloamua mtaala, mtihani, nani anafaa kufundisha. Seneti inayosimamia Bweleo iko Chennai, ndiyo Madras yenyewe, India.

Lakini kuna tofauti moja na Lumumba. Mpango wa London kwa vyuo vya makoloni ulikusudiwa tangu mwanzo uwe na kikomo. Vyuo vile vililelewa ili siku moja vitoe shahada zao. Mitaala ilijadiliwa na pande mbili, mitihani ilitungwa na kusahihishwa pamoja, walimu wa huku wakijifunza kuwa Seneti huku London imeshika mkono. Dar ilikaa chini ya London kama miaka miwili tu, ikahamia Afrika Mashariki. Yaani mkataba ulikuwa na mlango wa kutokea.

Swali langu kwa wa Bweleo na Kigali ni moja tu: mlango uko wapi? Baada ya miaka 15, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, itakuwa imejifunza nini kwa jirani yake? Wahadhiri wa SUZA wanaingia kule kufundisha, au wanapita nje ya uzio wakielekea kazini?

Mwanaunguja

Hilo la SUZA ni swali la haki. Mimi pia ningependa kulisikia likijibiwa na wenye mamlaka, si na sisi wa huku mtandaoni.

Mzee wa Eldoret

Ndugu zangu Watanzania, hamjambo. Niruhusuni niingie kutoka upande wa Kenya.

Nyinyi mnasema Makamu Mkuu wa Chuo, sisi tunasema Naibu Chansela, lakini kiti ni kimoja. Hapa kwetu Rais Moi alikuwa Chansela wa vyuo vyote vya umma, kila mahafali ni yeye anatunuku. Kibaki alipoingia akaachia viti hivyo mwaka 2003. Siku hizi nafasi ya Naibu Chansela hutangazwa na watu wanahojiwa. Vizuri, sivyo? Ila Januari 2020 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipompata Profesa Stephen Kiama, Waziri Magoha akabatilisha, kesi ikaenda kortini, na yule Profesa akarudi ofisini kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo msidhani kutangaza nafasi kunamaliza siasa.

Lakini nilitaka kusema la Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana wako pamoja kwa udaktari tangu karibu 1990. Baadaye ikaja kazi ya UKIMWI, ndiyo AMPATH mnayoisikia. Kilichonivutia, na nimekaa karibu nayo, si fedha. Indiana waliweka daktari wao anaishi Eldoret. Sio wiki mbili za semina hotelini, anaishi, watoto wake wanasoma hapa. Akiondoka anakuja mwingine. Wanafunzi wa kwetu wanaenda Indiana, wa kwao wanakuja wodini kwetu. Na kazi iko ndani ya hospitali ya rufaa, chini ya uongozi wa hospitali, sio jengo la pembeni lenye geti lake.

Hata hivyo bwana, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, Eldoret ilitikisika kama kwingine. Uhusiano wa miaka 35 haukuzuia barua ya siku moja.

Bi Mhasibu

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimesoma kimya tangu jana, ila Mzee wa Eldoret kanigusa kidonda. Mimi ndiye yule "mhasibu wa mradi" mliyemtaja juu kule. Niacheni niseme ya vitabuni.

Mnaongea Seneti, Baraza, jina la cheti. Nyie nendeni kwenye mstari wa bajeti unaoitwa gharama zisizo za moja kwa moja. Ile asilimia inayobaki chuoni kulipia umeme, mlinzi, intaneti, mkaguzi wa ndani, na mimi. Huo mstari ndio unaoamua kama chuo kitakuwa na uongozi au kitakuwa godauni la miradi.

Ruzuku ya NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ikija kwa taasisi ya nje ya nchi yao, mstari huo ni asilimia 8. Vyuo vyao wenyewe vingi vina viwango vya 50 na kuendelea. Mradi uleule, sampuli zilezile, friji letu linawaka kwa 8, la kwao kwa 50. Februari 2025 NIH ikatangaza kuwashusha wao hadi 15. Mlisikia kilio? Kesi mahakamani, marais wa vyuo wanaandika magazetini kwamba utafiti utakufa. Na mahakama ikazuia. Nilisoma habari ile ofisini peke yangu nikacheka mpaka nikajifuta macho. Mkuki kwa nguruwe.

Umoja wa Ulaya kwenye mpango wao wa utafiti wa Horizon wanatoa 25 kwa wote, na kwa kweli mtu ukizoea 8 unaona kama sikukuu.

Matokeo yake ni haya. Chuo hakipati kitu cha maana kutoka kwenye mradi, basi uongozi hauna sababu ya kuujua. Unausaini na kuusahau. Mratibu naye anaona utawala wa chuo ni kikwazo, foleni ya saini tu, anajenga njia zake. Tangu fedha za taasisi za umma zihamishiwe Benki Kuu mwaka 2016 njia hizo zimepungua, lakini mtu akitaka kuzunguka atazunguka: mshirika wa nje analipa posho moja kwa moja, vifaa vinanunuliwa kule vinakuja kwenye sanduku, vitabuni kwetu havipo.

Halafu siku fedha ikikatika, mwenye jukumu ni nani? Mfano si Marekani peke yake. Mwaka 2021 Uingereza iliposhusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5, shirika lao la utafiti likajikuta na pengo la pauni milioni 120, na miradi iliyokuwa katikati ikaambiwa ijipunguze au ifungwe. Mei 2025 NIH nao wakatangaza kuwa chuo cha Marekani hakitaruhusiwa kumega ruzuku na kumpa mshirika wa nje kwa mtindo wa zamani. Watu wanaona hiyo ni habari ya Washington. Mimi naona ni mikataba ya watafiti wasaidizi ishirini na kitu waliokuja mezani kwangu kuuliza mshahara wa mwezi unaofuata. Chuo hakikuwaajiri, mradi ndio uliowaajiri. Na mradi haupo.

Kiti cha Nyuma

Bi Mhasibu umemaliza. Mods wabandike hili juu.

Amidi Mstaafu

Nimekuwa amidi kwa awamu moja, si lazima kusema wapi. Naomba niseme kuhusu mafunzo ya uongozi, maana nayo ni ushirikiano na hakuna aliyegusa.

Wajerumani, yaani DAAD, shirika lao la kubadilishana wanataaluma, na jumuiya ya wakuu wa vyuo vyao HRK, wana programu inaitwa DIES tangu 2001, na kozi ya maamidi tangu 2007. Nilibahatika. Ni nzuri, sitadanganya. Tulikuwa kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba amidi wa Ghana na wa Ethiopia wanalia machozi yaleyale. Kila mmoja anatakiwa aende na mpango kazi wa kitu atakachobadilisha kwake. Wangu ulikuwa mdogo: kila mradi unaoingia kwenye shule yangu upite bodi ya shule kwanza, ukurasa mmoja tu, nani anafanya nini na baada ya hapo nini.

Nikarudi. Wakubwa wakaupenda, wakausifia kikaoni. Mwaka wa kwanza uliisha tunatafuta kamati ya kuupitisha. Wa pili ulipita kwenye kamati. Wa tatu muda wangu ukaisha, miaka 3 ndiyo hiyo. Aliyenirithi ni mtu mwema sana, ila hakuwa kwenye kozi, na mimi sikuulizwa kitu siku ya makabidhiano zaidi ya funguo na muhuri.

Lawama yangu haiendi kwa Wajerumani. Walifundisha mtu, na walisema waziwazi wanafundisha mtu. Chuo ndicho kilichotakiwa kuamua kwamba mtu huyo ni wa chuo. Pale kwetu mafunzo ya nje yanahesabika kama zawadi ya mtumishi, kama likizo yenye posho. Unarudi na cheti, unakitundika, basi.

Kabati la Chuma

Mzee, pole. Huo ukurasa mmoja ningeutafuta kwenye droo zangu ningeupata, nina uhakika.

Na hapo ndipo nataka turudi, maana uzi umenifundisha. Nilianza nikidhani tatizo ni fedha ya mfadhili. Mwanaunguja kanionyesha jina. Bi Mhasibu kanionyesha asilimia. Mzee wa Eldoret kanionyesha mtu anayehamia akaishi. Amidi kanionyesha kwamba hata ukifundishwa uongozi bure, chuo kisichokusudia kuongozwa hakikupokei. Nikizijumlisha zote, narudi palepale pa 1994: chuo kimeingia kwenye kikao na karatasi yake, au kimeingia na njaa yake?

Mtafiti Msaidizi

Samahani wakuu, mimi ni kijana tu, mhadhiri msaidizi. Idara yetu inasaini na chuo kimoja cha nje wiki ijayo. Nimepewa rasimu niipitie "Kiingereza chake". Niangalie nini? Na je, ule Mkataba wa Afrika wa ushirikiano wa utafiti, uliozinduliwa Windhoek mwaka 2023, unasaidia chochote au ni karatasi?

Bi Mhasibu

Mdogo wangu, ukiona wamekupa upitie Kiingereza, pitia tarakimu. Angalia nani anaajiri watu, fedha inaingia akaunti ipi, na asilimia ya chuo imeandikwa au imeachwa "itajadiliwa". Ikijadiliwa baadaye ni sifuri.

Amidi Mstaafu

Ile ya Windhoek ni karatasi, ndiyo, ila ni karatasi nzuri ya kuweka mezani. Inasema wazi kwamba mizani ya ushirikiano huu imeegemea upande mmoja, na vyuo vya Ulaya navyo vimeisaini. Mwenzako akishasaini kitu mahali, mkumbushe kwa adabu.

Kabati la Chuma

Nyongeza yangu kwa kijana: tafuta kama rasimu inataja Seneti au bodi ya idara hata mara moja. Kama haitaji, weka sentensi moja tu kwamba jambo lolote la mtaala, usajili na shahada litafuata taratibu za chuo na za TCU, tume ya vyuo vikuu. Hakuna mshirika mkweli atakayeikataa. Na kama watafiti wao watakuja kukusanya data hapa, vibali vya utafiti vya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, vitajwe vitafutwe na nani, maana vikikosekana wewe ndiye utakayeitwa. Ukiweza, uliza pia mali za mradi ni za nani siku ya mwisho. Utaonekana mchoyo. Uliza tu.

Njiwa wa Posta

Kabati, hatujasikia mwisho wa ile Land Cruiser.

Kabati la Chuma

Hahaha. Nilijua mtauliza.

Mradi uliisha. Mratibu yule, sasa ndiye amidi. Gari liko nyuma ya karakana chini ya mwembe, matairi mawili yamelala, bado lina namba za DFP, kwa sababu kulibadili liwe SU kunahitaji barua ya makabidhiano, na barua inahitaji kipengele cha mkataba kinachosema gari lilikuwa la nani. Amekuja ofisini kwangu mwezi uliopita, kwa bajaji, tuitafute hati yenyewe. Tulifungua droo ya tatu. Hati ipo, imesainiwa pande zote mbili, na picha ya bendera imebanwa mbele. Kiambatisho cha mali za mradi kimetajwa ukurasa wa 11 kwamba "kitaandaliwa".